Mwangwi Kutoka Juu: Habari za Kupimwa kwa Hewa ya Mbali

Sisi tukaao Bulyaga na vijiji vya jirani, katika nchi hii ya mabonde, twajua sana habari ya mwangwi. Mtu akisimama ukingoni mwa bonde na kupiga ukelele, sauti yake hugonga jabali la ng'ambo, kisha humrudia. Jabali likiwa karibu, sauti hurudi upesi. Likiwa mbali, hukawia. Basi hata kipofu aweza kukadiria umbali wa jabali asiloliona, kwa kuhesabu tu muda wa kungoja. Neno hili dogo ndilo lililowafungulia watu mlango wa kuijua hewa ya juu kabisa, mahali ambapo hapana ndege wala puto liwezalo kufika.

Tena twajua jambo la pili. Mchana redio hushika vituo vya karibu, lakini jua likishatua, vituo vya nchi za mbali husikika, hata vile ambavyo adhuhuri havikuwapo kabisa. Kwa nini iwe hivyo? Habari yake ni ndefu, nasi twataka kuieleza kwa ufupi.

Mwezi wa Desemba 1901 Bwana Marconi, Mwitalia, akiwa katika kisiwa cha Newfoundland, alitoa habari ya kwamba amesikia alama za simu ya upepo zilizotumwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Wenye elimu walistaajabu, kwa maana mawimbi ya redio huenda moja kwa moja kama nuru, na dunia ni mviringo. Ilipasa yapotelee juu angani. Mwaka uliofuata, 1902, Bwana Kennelly huko Marekani na Bwana Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walisema ya kuwa labda iko juu hewa yenye umeme, nayo huyarudisha mawimbi chini. Lakini neno hilo lilikuwa dhana tu, na watu walikaa nalo zaidi ya miaka 20 bila hakika.

Hakika ilipatikana usiku wa tarehe 11 Desemba 1924. Bwana Edward Appleton na mwenziwe Bwana Barnett waliazima mtambo wa redio wa BBC mjini Bournemouth, wakakaa Oxford na chombo cha kupokelea. Mtambo ulipobadilishwa urefu wa wimbi kidogo kidogo, waliona nguvu ya mawimbi ikipanda na kushuka, kwa kuwa wimbi lililokwenda juu ya ardhi lilikutana na lile lililorudi kutoka juu. Kwa hesabu yao wakajua ya kuwa tabaka lile liko juu kadiri ya kilometa 100. Mwaka 1925 Mabwana Breit na Tuve wa Marekani walitumia njia iliyo nyepesi zaidi, yaani walituma mawimbi kwa vipande vifupi, wakangoja mwangwi. Wimbi la redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Likienda juu kilometa 100 na kurudi, halitumii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Njia hiyo hiyo ndiyo ya rada ionayo meli na ndege. Appleton alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Sasa hewa hiyo, ambayo wenye elimu huiita ionosfia, huanza yapata kilometa 60 juu yetu. Mwanga mkali wa jua huvunja chembe za hewa na kuzitoa elektroni, ndiyo asili ya umeme wake. Tabaka la chini kabisa huwapo mchana tu, nalo huyameza mawimbi ya redio. Jua likitua hutoweka, na mawimbi hufika tabaka za juu, ambazo huyarudisha chini mbali sana. Ndiyo sababu ya vituo vya mbali kusikika usiku.

Mtu asidhani ya kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1946 Appleton alionyesha ya kuwa ionosfia haiko sawa katika nchi za joto. Juu ya ikweta ya sumaku, ambayo katika pande zetu hupita kaskazini, katika nchi ya Ethiopia, elektroni za mchana hupungua. Lakini upande wa kaskazini na upande wa kusini wake hurundikana kama matuta mawili. Tuta la kusini hupita juu ya nchi yetu ya Tanzania. Kwa hiyo anga lililo juu ya mashamba yetu ni katika yale yenye elektroni nyingi kupita yote duniani.

Wako waliokuja kulipima anga la pande zetu. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa mapatano na Wamarekani, alisimamisha majukwaa ya chuma baharini, karibu na Ngomeni, upande wa kaskazini wa Malindi, Kenya. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliruka kutoka huko na kuichukua setilaiti San Marco 2, ikaizunguka dunia karibu na ikweta. Setilaiti hiyo ilikuwa na ganda jepesi nje na kiwiliwili kizito ndani, vimeungwa kwa vyuma vyenye kunepa; hewa ile nyembamba iliposukuma ganda, chombo kilipima lilivyosogea. Tena ilituma mawimbi ya redio chini, ili mabadiliko yake njiani yaonyeshe wingi wa elektroni. Mpaka mwaka 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka pwani ile, na moja yao, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa kwa neno la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Faida yake ni nini kwa mkulima? Siku hizi wapima ardhi hutafuta mipaka kwa vyombo visikilizavyo setilaiti, na marubani hutafuta njia vivyo hivyo. Mawimbi ya setilaiti hupita katika ionosfia na kucheleweshwa, na baada ya jua kutua hewa hiyo katika nchi za ikweta huchafuka mara nyingi. Asiyesahihisha kosa hilo aweza kukosea kwa mita nyingi. Na mita chache za shamba zimekwisha kuwagombanisha ndugu.

Liko neno la mwisho, nalo ndilo lililotushurutisha kuandika. Mwaka 1933 Bwana Tellegen wa Uholanzi, alipokuwa akisikiliza kituo cha Uswisi, alisikia ndani yake maneno ya Redio Luxembourg. Ndipo watu walipojua ya kuwa mawimbi yenye nguvu nyingi huibadili kidogo hewa ya juu yapitamo. Kwa ajili ya kuchunguza jambo hilo Wamarekani walianza mwaka 1993 kujenga kituo cha HAARP katika nchi ya Alaska, chenye antena 180 na nguvu ya kilowati 3,600. Kwa kuwa fedha zilitoka jeshini, watu walishuku, na ingawa mwaka 2015 kituo kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, uvumi haukukoma. Wako wasemao ya kuwa mitambo ya namna hii hufukuza mvua na kuleta matetemeko.

Twaijua methali isemayo, lisemwalo lipo. Lakini yafaa tupime kwanza. Mawingu ya mvua hayapandi kupita kilometa 20 hivi, na mawimbi yale hupita hapo bila kuyapasha moto. Mahali yanapofanyia kazi ni juu sana ya mawingu, na mtambo ukizimwa hewa ile hurudia hali yake upesi. Mvua yetu ya Rungwe huletwa na pepo zitokazo Ziwa Nyasa na kupanda milima hii.

Basi mtu akija kwenu na habari ya mtambo uletao ukame, msimcheke wala msimwamini upesi. Mwulizeni maneno matatu: Uko umbali gani? Una nguvu kiasi gani? Kazi yake hudumu muda gani? Na watoto wetu wafundishwe kuuliza hivyo tangu shuleni, ili kesho wawepo miongoni mwao watakaolipima wenyewe anga hili lililo juu yao.