Juba: kutoka White House hadi Blue House

Mkazi wa Hai Mauna aliyeishi Juba tangu wakati wa vita na Khartoum ana majumba mawili ya kuogopa. La kwanza ni White House, ndani ya Giyada, kambi ya jeshi la Khartoum. Waasi wa SPLA walipoushambulia mji Juni na Julai 1992, wengi waliingizwa humo wasionekane tena. Siku hizo usikilizaji wa siri ulifanywa na watu: jirani, mfanyakazi mwenzako, huyo anayekoroga chai kiti cha pili.

Uhuru wa Sudan Kusini ulipokuja 2011, katiba ya mpito ilisema vizuri tu. Ibara ya 22 ililinda faragha ya mtu, nyumba na mawasiliano yake. Ibara ya 159 iliipa Idara ya Usalama wa Taifa, NSS, kazi ya kukusanya habari, kuzichambua na kushauri. Pingu hazikutajwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Desemba 2013 vilibadili mambo. Oktoba 2014 bunge lilipitisha muswada wa kuwaruhusu maofisa wa NSS kufuatilia mawasiliano, kupekua na kukamata, mara nyingine bila hati. Mwaka uliofuata ukawa sheria. Waliokamatwa, wengi walipelekwa jumba la pili, Blue House, makao makuu ya idara hiyo.

Mitambo nayo ikaja. Februari 2021 Amnesty International ilieleza kwamba kati ya Machi 2015 na Februari 2017, kwa uchache, tawi la Israeli la kampuni ya Kimarekani Verint Systems liliiuzia Sudan Kusini vifaa vya kunasa simu. Kampuni ya simu Vivacell ililipa dola 762,236 kwa agizo la serikali. Pesa za kampuni ya simu hutoka wapi, kama si kwenye vocha? Msikilizwaji alichangia mtambo wa kumsikiliza.

Hakuna idara yenye watu wa kutosha kusikiliza Juba nzima, wala haihitaji. Wanaharakati waliohojiwa na Amnesty walisema mambo mazito hawayasemi tena kwenye simu. Huonana ana kwa ana, au hunyamaza. Kwangu mimi, huo ndio ushindi mkubwa wa mtambo ule, maana hata ukizimwa, mtu ataendelea kujikata maneno.

Julai 2024 wabunge waliifanyia sheria ya NSS marekebisho, lakini kifungu cha 55, cha kukamata bila hati, kilibaki. Rais Salva Kiir hakusaini; siku 30 zikapita, yakawa sheria. Ile ya kwanza nayo ilipita hivyo hivyo, bila saini yake.