VITA VYA UMEME NA MILIMA YA RWENZORI

Katika lugha ya Kijerumani liko neno "Blitzkrieg", ambalo maana yake ni vita vya umeme, yaani vita vinavyopiga ghafla kama radi na kumalizika kabla adui hajajua apige wapi. Watu wengi hulitaja kana kwamba ni jina la mafundisho kamili ya jeshi la Ujerumani. Ukweli sivyo ulivyo. Neno hilo lilionekana katika maandishi ya kijeshi ya nchi hiyo mnamo mwaka 1935, lakini jeshi lenyewe halikulifanya kuwa jina rasmi la mbinu zake. Waliolieneza duniani ni waandishi wa magazeti wa Uingereza na Marekani, baada ya Poland kuvamiwa tarehe 1 Septemba 1939.

Hata hivyo, jambo lililoitwa kwa jina hilo lilikuwa la kweli. Vifaru vilikusanywa mahali pamoja badala ya kutawanywa. Ndege zilipiga mbele yao, na makamanda waliwasiliana kwa redio huku wakisonga. Ngome imara ziliachwa nyuma, na shabaha ikawa makao makuu ya adui, njia zake za mawasiliano na maghala yake. Ufaransa, iliyohesabiwa kuwa na mojawapo ya majeshi yenye nguvu kuliko yote duniani, ilishambuliwa tarehe 10 Mei 1940, na tarehe 22 Juni ikatia saini ya kuweka silaha chini.

Lakini ushindi huo ulificha jambo moja. Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilikwenda kwa miguu, na mizigo yake ikivutwa na farasi. Mbio zake ziliwezekana mahali penye barabara nzuri na safari fupi. Tarehe 22 Juni 1941 jeshi hilo liliivamia Urusi ya Kisovieti kwa tumaini lile lile la kumaliza kazi upesi. Masafa marefu, matope, baridi kali na ushupavu wa watu wa nchi ile vililimaliza nguvu, na mwezi Desemba likarudishwa nyuma karibu na Moscow. Vita vilivyotarajiwa kuchukua majuma viliendelea mpaka mwezi Mei 1945. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Afrika Mashariki nayo imeliona jambo hilo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuitwaa ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na Kampala ikatangaza kuwa ardhi hiyo imekuwa ya Uganda. Askari waliovamia hawakuwa na mpango wa kusonga mbele wala wa kujilinda. Wakashughulika na kupora mali na kuwatesa raia. Tanzania ilikusanya nguvu zake bila pupa, ikavuka mto, na wapiganaji wake wakatembea sehemu kubwa ya njia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Somo hilo lilirudiwa magharibi ya Uganda, katika Wilaya ya Kasese. Barabara itokayo Kasese kwenda Bwera na Mpondwe hupita chini ya Milima ya Rwenzori. Juu ya barabara hiyo ziko tarafa za wakulima wa kahawa, na mojawapo ni Kyarumba, ambako vijia vya miguu hupanda kutoka shamba hadi shamba mpaka msituni. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakaiteka Mpondwe na kuingia Bwera. Shambulio lilikuwa la ghafla, na kwa saa chache lilifanana na ushindi. Katika muda wa siku chache majeshi ya Uganda yaliwatimua na kuwarudisha walikotoka.

Kama vita vingekuwa barabara tu, habari ingekwisha hapo. Lakini waasi walipanda milimani, na pale umeme wa pande zote mbili ulizimika. Kifaru hakipandi vijia vile, na ukungu huificha miteremko. Vita vikawa vya miaka. Tarehe 8 Juni 1998 chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, kilichomwa moto, na wanafunzi wapatao 80 wakafa. Maelfu ya watu waliyaacha makazi yao milimani wakaishi kambini.

Aliyeijua historia ya milima ile hakupaswa kushangaa. Mnamo 1962 Wakonzo walijitangazia serikali yao ya Rwenzururu kwa kupinga utawala wa Toro. Majeshi yenye silaha bora yalipelekwa, yakazishika barabara na vituo, lakini milima haikutii. Mgogoro ule wa silaha ulipungua kwa mazungumzo mnamo 1982, viongozi wake waliposhuka na kusalimisha silaha. Kilichoshindikana kwa bunduki kwa miaka 20 kilipatikana kwa maneno.

Waasi wa 1996 nao walitegemea kuwa kumbukumbu ya manung'uniko hayo ingewapa watu. Wananchi wengi hawakuwafuata, na hapo ndipo waliposhindwa kuigeuza mbio yao kuwa ushindi.

Hatari yenyewe haikuisha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, kisha wakakimbilia Kongo. Hawakutaka kushika ardhi. Walitaka saa moja tu ya uzembe, na wakaipata.

Basi askari na polisi wana mambo mawili ya kuyashika. La kwanza, umeme hupiga mahali penye usingizi. Saa za kwanza ni za mlinzi aliye macho, wala si za jenerali. La pili, baada ya saa hizo, mwendo wa vita huamuliwa na raia. Mkulima wa Kyarumba aonapo nyayo ngeni katika shamba lake la kahawa alfajiri, huamua moyoni ashuke kituoni au anyamaze. Uamuzi huo hutegemea jinsi alivyopokewa kituoni mara ya mwisho, na kama aliombwa hongo au alisikilizwa. Hakuna kifaru kiwezacho kufika upesi kuliko habari ya mtu huyo, na hakuna jeshi liwezalo kuipata kwa nguvu.