Tulianza Lini Kusahau Kikapu?

Umefika kwa muuza nyanya. Umechagua, umepimiwa, umelipa, na sasa ndiyo unakumbuka kuwa mfuko umebaki nyumbani, unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Hamna shida, maana pembeni kuna kijana mwenye mifuko mipya begani. Mia mbili mdogo, mia tano mkubwa. Unanunua, unarudi nao nyumbani, unautundika pamoja na wenzake kumi na wawili. Jumamosi ijayo unanunua wa kumi na nne.

Wengi wetu tukifika hapo tunajilaumu: "Jamani, mimi msahaulifu sana." Lakini hebu tuulize swali la kihistoria. Bibi zetu walikwenda sokoni miaka hamsini au sitini iliyopita, na hatusikii wakisimuliwa kama watu waliosahau vikapu. Je, walikuwa na akili kuliko sisi? Sidhani. Ninachotaka kuonyesha katika makala hii ni kwamba kusahau mfuko si tabia ya asili ya binadamu. Ni jambo lenye historia, na tukiifuata historia hiyo tunaweza kuelewa kwa nini marufuku ya mifuko ya plastiki, pamoja na mafanikio yake yote, haijamaliza kazi.

Soko ambalo mfuko ulikuwa wako

Kabla ya plastiki, muuzaji alikuwa na bidhaa na kipimo, basi. Nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, mafuta ya taa na ya kula yalimiminwa kwenye chupa uliyokuja nayo. Chombo cha kubebea kilikuwa juu ya mnunuzi.

Ukanda wa Pwani ulikuwa na vikapu vya ukili. Majani ya mkindu au miyaa huanikwa, huchanwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa utepe mrefu unaoitwa ukili. Utepe huo ndio unaoshonwa kwa kuzungusha hadi kikapu kisimame, halafu kinawekwa mikono. Bara, Wakikuyu na Wakamba walikuwa na kiondo, kilichosukwa kwa nyuzi za magome ya miti, na baadaye kwa katani. Kazi hizi zilikuwa za siku kadhaa, mara nyingi za mikono ya wanawake. Kitu kilichokugharimu siku kadhaa hukitupi, na pia hukiachi nyumbani ovyo.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi, lakini. Nao walikuwa na vifungashio vya kutupa. Pakacha lilisukwa kwa dakika chache kutoka kuti bichi la mnazi, likabeba samaki au nazi, kisha likatupwa. Tena halikuwa imara sana, ndiyo maana tuna methali kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Nyama ilifungwa kwenye jani la mgomba, karanga kwenye kipande cha gazeti. Tofauti ni kwamba pakacha likitupwa jalalani linaoza, na kuku wanachakura juu yake bila madhara.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: mtu aliyekwenda sokoni bila kikapu alikuwa kama mtu aliyekwenda bila pesa. Hangeweza kumaliza shughuli. Kwa hiyo hakuhitaji juhudi maalumu ya kukumbuka. Mpangilio mzima wa soko ulimkumbusha. "Kwenda sokoni" na "kuchukua kikapu" vilikuwa tendo moja.

Ajali ya maabara na mhandisi wa Sweden

Machi 1933, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu kuunganisha kemikali chini ya mgandamizo mkubwa sana. Jaribio halikwenda walivyotarajia. Ndani ya chombo walikuta kitu cheupe kama nta: polithini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1953, Mjerumani Karl Ziegler aligundua njia ya kuitengeneza bila mgandamizo mkubwa, na kupata polithini ngumu zaidi. Hiyo ndiyo iliyofaa kutengenezea karatasi nyembamba ya plastiki inayobeba mzigo mkubwa kuliko uzito wake mara nyingi.

Mfuko wenyewe, ule wenye mikono miwili kama fulana, ulibuniwa na Sten Gustaf Thulin, mhandisi wa kampuni ya Celloplast ya Norrköping, Sweden. Hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1965. Kinachoshangaza ni nia yake. Mwanawe alikuja kueleza kwamba Thulin aliuona mfuko huo kama njia ya kuokoa miti iliyokuwa ikikatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mmoja mfukoni, ameukunja, ili autumie tena na tena. Yaani aliyebuni mfuko tunaouita wa kutumia mara moja hakuwa na mpango kwamba utumike mara moja!

Soko liliamua vingine. Mwaka 1982 maduka makubwa ya Marekani, Safeway na Kroger, yalianza kuutumia kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko wa karatasi, na mengine yakafuata. Mfuko ukawa wa bure. Bure kwa macho tu, kwa sababu gharama yake ilifichwa ndani ya bei ya sukari na sabuni, na asiyeuhitaji alimlipia anayeuhitaji.

Zama za rambo

Kwetu uliingia na jina la sinema. Watanzania waliuita mfuko wa "rambo", jina la askari wa filamu aliyeigizwa na Sylvester Stallone kuanzia mwaka 1982. Wakenya, kwa namna ya kuchekesha kidogo, waliuita "karatasi". Katika miaka ya 1990 ulikuwa kila mahali: bamia za mia mbili zinaingia ndani ya rambo, na rambo hilo linaingia ndani ya rambo jingine kubwa zaidi.

Kikapu hakikushindwa kwa ubora, bali kilinyang'anywa kazi. Kama mfuko unakusubiri kwa kila muuzaji, kubeba kikapu ni mzigo usio na sababu, na kukisahau hakuna adhabu. Hapa ndipo kusahau kulipozaliwa. Kizazi kizima kilikulia katika soko ambalo mtu anatoka nyumbani mikono mitupu, na mazoea hayo yakaonekana kuwa ndiyo kawaida ya dunia.

Gharama ilitokea kwingine. Bangladesh ilikumbwa na mafuriko makubwa mwaka 1988 na 1998, na mifuko iliyoziba mifereji ilitajwa kuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2002 ikawa nchi ya kwanza duniani kuipiga marufuku. Kenya, Wangari Maathai alieleza kwa lugha rahisi jinsi mfuko uliotupwa unavyokusanya maji ya mvua, na maji hayo yanavyokuwa mazalia ya mbu wa malaria. Mtu wa Jangwani, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa maana ya mfereji ulioziba wakati wa masika.

Sheria zikafuatana. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008, na abiria wakaanza kupekuliwa mizigo wakiingia nchini. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019: anayekutwa anatumia mfuko hulipa faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au hufungwa hadi siku 7.

Sheria iliondoa mfuko, haikurudisha kikapu

Na kweli mitaa ilibadilika. Rambo la kwenye nyaya za umeme na kwenye miiba ya michongoma lilipungua sana. Lakini angalia kilichoziba pengo. Watu wengi hawakurudi kwenye kikapu. Walihamia kwenye "mfuko mbadala", ule unaofanana na kitambaa. Ukiushika unadhani ni nguo, kumbe nyuzi zake kwa kawaida ni polipropilini, yaani plastiki, ndugu wa salfeti la kubebea mchele. Kenya ilishtuka mapema. Mwaka 2018 NEMA ilitangaza kuizuia nayo, kwa hoja kwamba mingi ilikuwa hafifu na haikudumu.

Je, mfuko huo ni bora kuliko rambo? Jibu ni: inategemea kumbukumbu yako. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko kwa mchango wake katika ongezeko la joto duniani, kuanzia malighafi hadi jalalani. Ili kulingana na mfuko mmoja mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3, huu wa polipropilini mara 11, na wa pamba mara 131. Utafiti huo haukuhesabu mfereji ulioziba wala ng'ombe aliyemeza plastiki, kwa hiyo usiusome kama utetezi wa rambo. Lakini ujumbe wake hauna utata: mfuko imara unaosahaulika nyumbani ni hasara maradufu. Uingereza yenyewe imeyaona hayo. Baada ya tozo ya mwaka 2015 kupunguza sana mifuko myembamba, maduka yakajikuta yanauza mifuko ile minene "ya maisha" zaidi ya bilioni 1 kwa mwaka. Maisha yapi hayo ya wiki moja?

Na kuna hesabu ya mfukoni. Anayenunua mfuko wa shilingi 500 mara tatu kwa wiki anatumia 1,500. Kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 78,000. Kwa familia inayonunua mafuta ya kupima, hiyo si pesa ya kupuuza.

Kwa nini kichwa kinatuangusha

Wanasaikolojia hutofautisha kukumbuka yaliyopita na kukumbuka jambo unalopaswa kulifanya baadaye. Gilles Einstein na Mark McDaniel, katika makala yao ya mwaka 1990, waligawa aina hii ya pili katika sehemu mbili: jambo linaloamshwa na saa, na jambo linaloamshwa na tukio au kitu unachokiona. Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Kitu kinachokukumbusha mfuko ni nyanya, na nyanya ziko sokoni. Mfuko uko nyumbani. Dalili inafika nusu saa baada ya muda wa kutenda kupita. Ni kama adhana inayosikika baada ya swala kuisha.

Bei nayo hukumbusha, lakini inategemea inavyokuja. Mchumi Tatiana Homonoff alichunguza maduka ya eneo la Washington, Marekani, ambako tozo ya senti 5 kwa kila mfuko ilianza. Matumizi ya mifuko yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Pale ambapo duka lilitoa zawadi ya senti 5 hizohizo kwa anayekuja na mfuko wake, karibu hakuna kilichobadilika. Kukatwa kunauma kuliko kupewa kunavyofurahisha. Ireland, iliyoanza na tozo ya senti 15 mwaka 2002, iliona matumizi yakishuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Sasa jiulize: mbona mia tano yetu haitukumbushi? Nadhani ni kwa sababu tunailipa kama bei ya bidhaa. Tunapewa kitu kizuri chenye mikono na rangi, tunaona tumenunua. Hatuoni kuwa tumetozwa kwa kusahau.

Kurudisha ukumbusho mahali pake

Bibi hakutegemea nia njema. Alitegemea mpangilio, na mpangilio unaweza kutengenezwa upya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akiunganisha nia na dalili maalumu, kwa mfumo wa "nikiona hiki, nafanya hiki", hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kwa hiyo usiseme "kesho sitasahau mfuko." Sema: "Nikimaliza kutoa vitu kwenye mfuko, nautundika kwenye kitasa cha mlango wa mbele." Si nyuma ya mlango wa jikoni! Anayepitia sokoni akitoka kazini afanye kama Thulin: mfuko mwepesi uliokunjwa ukae kwenye mkoba au chini ya kiti cha pikipiki, usitoke humo ila kwa kazi. Kanga nayo bado inafunga mzigo vizuri kama zamani.

Lakini tusimwachie mnunuzi peke yake, maana hata kusahau hakukuanza naye. Masoko yetu yana uongozi na yana wauzaji wanaowajua wateja wao kwa majina. Ingewezekana kabisa kuwa na vikapu vya kuazima kwa rehani, unaacha elfu mbili, unarudisha kikapu, unachukua pesa yako, jinsi tulivyozoea kufanya na chupa za soda na makreti ya bia kwa miaka mingi. Mfumo huo tunaujua. Hakuna aliyewahi kusahau kurudisha kreti lenye rehani yake.

Wewe msomaji, una mingapi nyuma ya mlango? Kaihesabu leo, kisha mmoja uhamishie kwenye kitasa cha mlango wa mbele.