Shimo la mwaka 1976 katika bajeti ya Marekani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sababu ya kwanza ni kazi. Ya pili ni jedwali moja la Wamarekani lililoninyima usingizi.

Yote yalianza na binamu yangu. Alikuwa karani wa takwimu katika mradi mmoja wa VVU kule Siaya, kazi yake kuingiza kwenye tarakilishi tarehe za wagonjwa kuchukua dawa. Mapema mwaka 2025 mradi ukasimama, kwa kuwa fedha zake zilitoka Marekani na misaada ya nje ya nchi hiyo ilikuwa imesitishwa. Akanipigia simu: "Kaka, wanasema nchi yao imezama kwenye madeni. Ni kweli sisi ndio tuliowalemea?"

Sikuwa na jibu. Lakini mimi ni mwandishi wa programu, na mtu wa kazi hii akikosa jibu hutafuta data.

Serikali ya Marekani huchapisha majedwali ya historia ya bajeti yake, na yeyote anaweza kuyapakua. La kwanza linaanzia mwaka 1789, enzi za George Washington. Mstari wake wa juu kabisa umekusanya miaka yote kuanzia 1789 hadi 1849, na matumizi ya kipindi hicho kizima ni dola milioni 1,090. Mwaka 2024 serikali hiyohiyo ilitumia takriban dola trilioni 6.75. Piga hesabu: fedha zilizotumika miaka 60 sasa zinaisha kabla saa moja na nusu haijatimia.

Hesabu hiyo ni tamu kusimulia, ila inapotosha. Dola ya 1800 si dola ya leo, watu wameongezeka, na uchumi umepanuka mno. Kipimo cha haki ni kulinganisha matumizi ya kila mwaka na pato la taifa la mwaka huohuo. Basi nikaandika kiprogramu kidogo cha Python kisome majedwali na kunichorea mchoro.

Kikaanguka. Kosa lilikuwa kati ya mstari wa 1976 na wa 1977. Mahali palipotakiwa kuwa na mwaka palikuwa na herufi mbili tu: TQ. Nikafanya uvivu ambao sote tumewahi kuufanya, nikaihesabu kama mwaka wa kawaida. Mchoro ukatoka na shimo: dola bilioni 371.8, halafu bilioni 96, halafu bilioni 409.2. Ungedhani serikali ilifunga duka ikaenda likizo.

Kumbe TQ ni miezi mitatu isiyo ya mwaka wowote. Tangu 1843 mwaka wa fedha wa Marekani ulikuwa ukianza Julai 1 na kuisha Juni 30, kama wetu hapa Kenya. Rais alipeleka mapendekezo yake mwanzoni mwa mwaka, na Bunge lilikuwa halimalizi kazi kabla ya Julai kufika. Mwaka 1974 ikapitishwa sheria ya kusogeza mwanzo wa mwaka wa fedha hadi Oktoba 1. Richard Nixon aliitia sahihi Julai 12, chini ya mwezi mmoja kabla ya kujiuzulu. Mabadiliko yalipotekelezwa, Julai, Agosti na Septemba za 1976 zikabaki yatima, ndiyo zikapewa jina la robo ya mpito. Mliowahi kusogezewa tarehe ya kukabidhi programu mtacheka: tangu hapo Bunge hilo limemaliza miswada yake yote ya matumizi kwa wakati mara nne tu.

Lakini tarehe haikuwa kiini cha sheria hiyo. Nixon alikuwa na tabia ya kuzikalia fedha ambazo Bunge limekwisha kuzipitisha, akikataa zitumike kwa mambo asiyoyapenda. Wabunge wakachoka. Sheria ya 1974 ikamzuia rais kufanya hivyo kwa hiari yake, na ikalipa Bunge ofisi yake lenyewe ya wataalamu wa bajeti. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Sheria iliyoacha shimo kwenye mchoro wangu ndiyo iliyotajwa tena na tena mahakamani mwaka 2025, misaada ya nje iliposimamishwa. Sikuwa nikimtafuta binamu yangu humo, ila nilimkuta.

Nikairuka TQ, mchoro ukakaa sawa. Nilitarajia mlima usio na kilele, sikuuona. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, matumizi ya serikali kuu yalizidi asilimia 40 ya pato la taifa. Kufikia 1948 yalikuwa yameshuka hadi karibu 11 au 12. Katika miaka 50 iliyopita wastani ni kama 21. Mwaka 2000 yalikuwa karibu 18, wakati ambapo serikali ilikuwa na ziada kwa miaka minne mfululizo, 1998 hadi 2001. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, yalifika karibu 31, na 2024 yalikuwa yamerudi kwenye 23 na ushei. Yamepanda, ndiyo, lakini si kwa namna wanasiasa wao wanavyopiga kelele.

Kilichobadilika kabisa ni kilichomo ndani. Mwaka 1962 ulinzi ulikula karibu nusu ya bajeti. Mwaka 2024 ulikula takriban asilimia 13. Na hapo 1962 kiasi cha theluthi mbili ya matumizi yote kilihitaji kupigiwa kura kila mwaka, ilhali leo ni kama robo tu. Sehemu kubwa iliyobaki inajiendesha: sheria iliandikwa zamani, na kila mwezi inatekelezwa bila mtu kubonyeza kitu, kama zile kazi za usiku tunazoziweka kwenye seva halafu aliyeziandika akahama kampuni.

Kazi kubwa kuliko zote kati ya hizo ni pensheni ya hifadhi ya jamii, iliyoanzishwa na Franklin Roosevelt mwaka 1935. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitoka Januari 31, 1940, ikaenda kwa Ida May Fuller, mama mstaafu wa Vermont aliyekuwa katibu katika ofisi ya mawakili. Ilikuwa dola 22.54. Yeye alikuwa amechangia dola 24.75 kwa jumla, kwa muda wa miaka mitatu. Akajaliwa maisha marefu, akafa Januari 1975 akiwa na miaka 100, na kufikia hapo alikuwa amelipwa dola 22,888.92.

Katika maisha yake pensheni ilipanda pale tu Bunge lilipopiga kura. Mwaka 1950, kwa mfano, iliongezwa asilimia 77 kwa mkupuo. Mwaka 1972 wakapitisha sheria kwamba ipande yenyewe kufuata gharama ya maisha. Nyongeza ya kwanza ya namna hiyo ilitoka Julai 1975, miezi sita baada ya kifo cha huyo mama. Ongeza Medicare, bima ya afya ya wazee iliyotiwa sahihi na Lyndon Johnson mwaka 1965, na kazi hizo mbili peke yake mwaka 2024 zilichukua zaidi ya theluthi moja ya matumizi yote. Sisemi ni vibaya. Ningependa mama yangu apate kama hiyo.

Halafu kuna riba. Mwaka 2021 ilikuwa karibu dola bilioni 350. Viwango vya riba vikapanda kuanzia 2022, na kufikia 2024 ikawa kama bilioni 880, ikaupita ulinzi. Riba nayo haipigiwi kura.

Nikampigia binamu. Nikamwambia misaada ya nje kwa miaka mingi imekuwa kama asilimia 1 ya matumizi yao. Julai 2025 Bunge lao lilifuta takriban dola bilioni 9 zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa, karibu 8 kati ya hizo zikiwa za misaada ya nje, na hizo 8 zingelipa riba ya siku tatu na kitu kwa hesabu ya 2024. Fedha za mradi wake zilikuwa kwenye ile robo inayopigiwa kura, na humo ndimo panga hufika kwa urahisi, kwa sababu wazee wa Marekani hupiga kura na wagonjwa wa Siaya hawapigi.

Akanyamaza. Kisha akaniambia nimtumie mchoro. Nikautuma kwenye WhatsApp, akaniandikia: "Sisi tuko wapi hapa?" Ikabidi nimwambie aukuze picha kwa vidole viwili, aangalie ule mstari wa kijani chini kabisa.

Kiprogramu chenyewe hakifiki mistari 60. Anayekitaka aniandikie hapo chini nami nitamtumia. TQ nimekwisha kuishughulikia.