Darwin na hitilafu iliyoonwa na mhandisi

Leo naweka kando mambo ya PHP na hifadhidata. Nataka tuongee juu ya Charles Darwin, na hasa juu ya hitilafu moja katika kazi yake ambayo mwandishi yeyote wa programu ataifurahia.

Nadharia yenyewe ni fupi. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Watoto hao hawalingani. Tofauti zao hurithiwa. Basi, mwenye tofauti inayomfaa huacha uzao mkubwa zaidi, na vizazi vikipita vya kutosha aina nzima hubadilika. Huo ndio uteuzi wa asili. Darwin na Alfred Russel Wallace waliufikia kila mtu kivyake, maandishi yao yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858, na kitabu cha Darwin kikatoka Novemba 1859.

Shida ilikuwa kwenye neno "hurithiwa". Enzi hizo wengi, Darwin akiwemo, walidhani sifa za baba na mama huchanganyika kama chai na maziwa. Mwaka 1867 Fleeming Jenkin, mhandisi wa nyaya za telegrafu za chini ya bahari, akapiga hesabu. Mnyama mmoja akizaliwa na sifa mpya nzuri, atazaa na mwenzake wa kawaida. Watoto watapata nusu ya sifa ile, wajukuu robo. Kizazi cha kumi kinabaki na 1/1024 (namba tunayoijua sana sisi!). Uteuzi utateua nini hapo? Mfano aliotumia Jenkin, wa Mzungu aliyevunjikiwa na meli kwenye kisiwa cha watu weusi, umejaa dharau na unakera kuusoma. Lakini hesabu haikuwa na kosa.

Ni kama kudurufu kaseti kutoka kaseti nyingine. Nakala ya kumi ni mvumo mtupu.

Darwin hakujifanya hajasikia. Alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba Jenkin amemsumbua sana, na katika toleo la tano la mwaka 1869 akaegemea zaidi tofauti ndogondogo zinazopatikana kwa wengi. Kwa maoni yangu hicho kilikuwa kiraka tu. Kuchanganyika kungeendelea kuzifuta hizo pia.

Kinachouma ni kwamba jawabu lilikuwa limeshachapishwa mwaka 1866. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alizalisha njegere (minji, tunavyoziita huku) zenye mbegu za mviringo na zile zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza mbegu zote zilikuwa mviringo. Kizazi kilichofuata: 5,474 mviringo, 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja! Sifa iliyopotea ilirudi nzima, bila kupungua hata kidogo. Kumbe urithi si chai. Ni faili: unainakili mara elfu na inabaki ile ile, isipokuwa pale kosa la kunakili linapotokea, na kosa hilo nalo hunakiliwa zima. Karibu hakuna aliyeelewa. Darwin alikufa 1882, Mendel 1884, na kazi hiyo ikaja kufufuliwa mwaka 1900.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwa binadamu ulitoka hapa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia nchini, alikusanya damu sehemu mbalimbali. Jeni ya selimundu aliikuta kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini chini ya asilimia 1 nyanda za juu. Mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, na wakati huo wengi walikufa wadogo. Mbona basi haikwisha? Mwaka 1954 alichapisha jibu: mwenye nakala moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Mbu alikuwa anateua.

Tena jeni hiyo haichanganyiki. Wazazi wawili wazima, kila mmoja na nakala moja, hawapati watoto wote wagonjwa nusunusu. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye nakala zote mbili. Wachumba wanaopima damu Kisumu au Kilifi kabla ya ndoa huelezwa robo hiyo hiyo ya Mendel, ila safari hii si habari ya minji.