Kutoka Nyatiti hadi Gitaa: Benga ya Kusini mwa Nyanza na Mipaka ya Fasihi Simulizi

Historia ya benga imezoea kusimuliwa kama historia ya nyuzi. Inaelezwa kwamba vijana wa Kijaluo waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili, na wengine kutoka kazi za mijini, walikuja na magitaa. Kwamba walijifunza kuyadonoa kwa kuwaiga wapigaji wa Kongo, Mwenda Jean Bosco akiwa mmojawapo. Na kwamba katika miaka ya 1960 waliuhamishia mdundo wa nyatiti kwenye gitaa la umeme. Maelezo hayo yana ukweli, na kazi ya Ketebul Music iliyotolewa mwaka 2008 imeyapa ushahidi wa sauti na picha. Hata hivyo, yanamwachia mwanamuziki kila kitu na kumnyima mhakiki wa fasihi sehemu yake. Makala haya yanadai kwamba pamoja na mdundo ulihama utanzu mzima wa sanaa ya maneno, yaani pakruok, na kwamba bila kuufuata utanzu huo hatuwezi kueleza kwa nini benga ina umbo lililo nalo.

Eneo tunalolizungumzia ni Migori na Homa Bay. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 yote mawili yalikuwa ndani ya wilaya ya South Nyanza. Leo kila moja ni kaunti. Barabara kuu inayoingia Kenya kwa Isebania hupita Migori, Awendo na Rongo kabla ya kupanda Kisii na kuelekea Kisumu, na kwa njia hiyo, pamoja na ile ya ziwani kupitia Muhuru, watu na nyimbo zimekuwa zikivuka kutoka na kwenda Shirati, upande wa Tanzania. Isitoshe, kinubi si mali ya Wajaluo peke yao katika sehemu hizi. Wakuria, ambao nao wamekatwa na mpaka huo huo, wana iritungu yao yenye sauti nzito zaidi. Anayesema juu ya "muziki wa kabila" katika Migori ana kazi kubwa ya kutuonyesha kabila hilo linaanzia wapi na kukomea wapi.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa chini ubavuni mwake. Huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, ambayo huigonga kwenye mti wa chombo ili kupata mdundo. Mtu mmoja kwa hiyo ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Matanga ndiyo yalikuwa uwanja wake mkuu: alimlilia marehemu kwa kumtaja yeye, ukoo wake, mahali alipotoka na watu waliobaki. Lakini hadhira nayo ilikuwa na haki yake. Msikilizaji angeweza kutoa fedha, muziki ukasimama, naye akajisifu au akamsifu rafiki, mpenzi au shemeji kwa majina ya kimafumbo, kisha wimbo ukaendelea. Hiyo ndiyo pakruok. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka vivugo na majigambo, na ulinganisho huo unafaa kwa kiasi fulani. Tofauti ni kwamba katika majigambo fanani hujisifu mwenyewe mbele ya hadhira, ilhali katika pakruok hadhira hununua nafasi ya kuwa fanani kwa muda. Mpaka kati ya pande hizo mbili, ambao vitabu vyetu vya fasihi simulizi huuchora kwa mstari mnyoofu, hapa huuzwa na kununuliwa mara kadhaa kwa usiku mmoja.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 iliubana utaratibu huu. Kila upande ulibeba dakika tatu au nne hivi, na hakuna msikilizaji aliyeweza kuisimamisha kwa sarafu ili ajitaje. Kwa maoni yetu, mambo mawili yalifuata. Kwanza, majina yaliingia ndani ya wimbo wenyewe: mwimbaji wa benga huwataja marafiki, wafadhili, wasichana na vijiji vyao kwa mfululizo, na jina likishachapwa kwenye santuri halifutiki. Sifa iliyokuwa ya usiku mmoja ikawa kumbukumbu, na mara nyingine ikawa deni, maana aliyetajwa alitarajiwa kuwa mkarimu. Pili, pale palipokuwa pa msikilizaji pakachukuliwa na gitaa la kwanza. Sikiliza rekodi za Shirati Jazz au Victoria Jazz: sauti husema mstari, gitaa hujibu karibu kwa urefu ule ule, kisha sauti hunyamaza kabisa na gitaa hushika wimbo kwa kasi mpya, mara nyingi kwenye upande wa pili wa santuri. Mwanamuziki ataita sehemu hiyo kilele. Sisi tunaiona pia kama nafasi iliyoachwa wazi na mtu ambaye hawezi tena kusimama na kujitaja.

Hapa mfano wa mbali unasaidia. Katika visiwa vya Ryukyu, miaka ya 1970, Shoukichi Kina na bendi yake ya Champloose waliipandisha sanshin yenyewe jukwaani, bega kwa bega na gitaa la umeme. Katika benga, nyatiti ilibaki nyumbani, gitaa likafundishwa kusema lugha yake. Kwa hiyo neno "mchanganyiko," linalopendwa na waandishi wa magazeti, linafaa zaidi kule kuliko huku.

Kwa nini basi idara zetu zimeipokea nyatiti na kuiacha benga mlangoni? Henry Owuor Anyumba, mmoja wa watatu walioandika waraka wa 1968 wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wenzake wakiwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong, alikuwa tayari ameziandikia nyimbo za maombolezo za nyatiti. Waraka ule uliiweka fasihi simulizi katikati ya mtaala. Walioufuata, na hili ni lawama kwetu sote, walielewa "simulizi" kuwa ni ya zamani, ya kijijini na isiyo na waya. Hoja hiyo haisimami hata kwa vipimo vyetu wenyewe. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, akabanwa na santuri kama alivyobanwa Mjaluo miaka arobaini baadaye, wala hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayeambiwa kwamba taarabu si fasihi kwa sababu ilichapwa kwenye sahani. Tofauti iliyobaki ni lugha, na hiyo nayo ina mapengo: "Lunch Time" ya Gabriel Omolo, iliyovuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliimbwa kwa Kiswahili.

Santuri zenyewe zilivuka mipaka ambayo mitaala haivuki. Zile za Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Homa Bay, zilifika Zimbabwe, ambako benga iliitwa kanindo, na chapa yake ya Sungura ikautolea jina muziki wa wenyeji wa huko.

Daniel Owino Misiani ndiye mtihani mgumu zaidi. Alizaliwa mwaka 1940 Shirati, katika mkoa wa Mara wa leo, akajijengea jina Kenya, akaimba zaidi kwa Dholuo na mara nyingine kwa Kiswahili. Siasa aliificha katika ngano za wanyama na visa vya Biblia. Katika "Bim en Bim" wanasiasa ni nyani. Polisi wa Kenya, waliomtia mbaroni zaidi ya mara moja, walimsoma kama msanii wa mafumbo kabla wahakiki hawajafanya hivyo. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Katika miaka hiyo hiyo ohangla ya kinanda cha umeme, ya akina Tony Nyadundo, ilikuwa imeshika kumbi, na pakruok ikarudi mahali pake pa kwanza: mtu hutoa noti, muziki hupunguzwa, naye hushika kipaza sauti na kujitaja.