Ari na Hamu

Jambo ambalo Mwingereza hulisema kwa kivumishi kimoja, Kiswahili hulipambanua: mwenye hamu hutamani, mwenye bidii hutenda, na mwenye ari huona haya kushindwa. Maana hiyo ya mwisho ina asili yake, kwani neno ari latokana na Kiarabu, ambamo maana yake ni aibu au fedheha.

Historia ya nchi ya Njombe yaonyesha tofauti hiyo. Hamu ya kuwa na reli ya kwenda Zambia ilikuwako, lakini mataifa makubwa ya Magharibi yalikataa kuijenga, yakisema haitaleta faida. Kati ya 1970 na 1975 Watanzania na Wazambia, wakisaidiwa na Wachina, waliitandaza kilomita 1,860. Na sehemu iliyowatesa kupita zote ilikuwa ile ya Mlimba hadi Makambako, kwenye mahandaki na madaraja mengi. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1980, wazazi wa Njombe walichanga mali yao wakajenga shule za sekondari, wasikubali watoto wao waachwe nyuma.

Hamu peke yake haichimbi handaki wala haiezeki darasa. Kwa hiyo asiitwe mwenye ari mtu ambaye kushindwa hakumwumi.